Njia ya Baiskeli Kandokando ya Maji ni ya Nani?



Katika nchi nyingi za ulimwengu wa leo kuna desturi ambayo kwa masikio ya mkulima wa bonde letu yaweza kuwa ngeni. Palipojengwa bwawa la maji huko mashambani, huchongwa njia nyembamba ya kulizunguka, nao wapanda baiskeli hutoka mijini siku za mapumziko kwenda kupanda na kushuka vilima kandokando ya maji hayo. Hawabebi mzigo wala hawaendi sokoni. Huendesha kwa ajili ya afya na burudani, juu ya baiskeli zenye tairi pana, gia nyingi na springi za kupunguza mtikiso, na bei ya baiskeli moja ya namna hiyo yaweza kupita thamani ya mpunga wote ambao kaya nzima imevuna kwa mwaka.

Hatuandiki ili kumlaumu mwenye kucheza. Mwili ni kipaji cha Mungu, na kuufurahisha kwa michezo si dhambi. Twaandika kwa sababu desturi hiyo imekwisha kuingia nchini mwetu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro njia ya Kilema imefunguliwa kwa wapanda baiskeli. Milima ya Usambara hupokea wageni wa namna hiyo hiyo. Hapa kwetu, huko Mang'ula, wageni wanaokuja kuiona Milima ya Udzungwa hutembezwa kwa baiskeli vijijini na mashambani. Nalo bonde letu lina maji yaliyozuiwa kwa ukuta, Kidatu upande wa kaskazini na Kihansi upande wa kusini-magharibi. Lina milima, lina misitu, na sasa lina barabara ya lami inayomfikisha mgeni Ifakara bila kumeza vumbi. Si jambo la kushangaza basi kama siku moja atafika mtu mwenye ramani mkononi, atueleze mpango wa njia za baiskeli kwa ajili ya wageni. Yafaa siku hiyo itukute tumekwisha kushauriana.

Neno letu ni hili. Njia ya baiskeli katika bonde la Kilombero ni mali ya wote kabla haijawa kivutio cha mgeni. Mpango wowote wa kuchora njia mpya kandokando ya mabwawa na misitu yetu uanze kwa kuzitambua, kuziandika na kuzilinda njia ambazo watu wanazipita leo kwa ajili ya riziki zao. Mpango ukianza hivyo, tuupokee kwa mikono miwili. Ukianza vinginevyo, tuukatae kwa amani na kwa kufuata sheria.

BAISKELI NI NINI KWETU

Mgeni anayefika hapa Mlabani kwa mara ya kwanza hushangazwa na wingi wa baiskeli. Ardhi ya Ifakara ni tambarare, na mahali pa tambarare baiskeli humlipa mwenye nayo vizuri. Pikipiki zimeingia kwa wingi na kuwapunguzia kazi waliokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli. Lakini pikipiki hula mafuta, na mafuta hununuliwa kwa fedha taslimu kila siku. Baiskeli hula jasho tu. Kwa sababu hiyo maskini hakuiacha.

Tazameni kazi inayofanywa na chombo hiki. Gunia la mpunga hufungwa kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka katika tyubu kuukuu, likapelekwa mashineni kukobolewa. Samaki wa mto, kambale na perege, huwahishwa sokoni kabla jua halijawa kali. Madumu ya maji, mikungu ya ndizi, mabati ya kuezekea, mgonjwa aendaye hospitali ya Mtakatifu Fransisko, mama mjamzito, hata jeneza: vyote hivyo vimekwisha kupita juu ya magurudumu mawili.

Kisha kuna majira ya shamba. Kama mjuavyo, familia nyingi za bonde hili huhama nyumba zao za kijijini wakati wa masika, zikaenda kukaa katika mashamba ya mpunga yaliyo mbali, kando ya mbuga, mpaka mavuno yaishe. Wakati huo wote baiskeli huwa uzi unaoliunganisha dungu na kijiji. Mtoto hurudi shuleni kwa baiskeli, unga huenda shambani kwa baiskeli, naye mwenye homa hukimbizwa zahanati kwa baiskeli. Njia wanayopita haina kibao wala jina katika ramani. Ni mstari mwembamba juu ya jaruba, unaokatiza shamba la jirani, ukaambaa na kijito mpaka penye gogo la kuvukia. Njia hiyo ipo kwa sababu watu hupita, na kwa sababu jirani humwachia jirani apite.

Hapo ndipo pana hatari. Njia isiyoandikwa hufungwa kwa urahisi. Shamba kubwa likipimwa, njia humezwa ndani ya mipaka yake. Eneo likitangazwa kuwa hifadhi, aliyekuwa mpita njia jana huitwa mvamizi leo. Barabara ikiwekwa lami, gari lililokuwa likienda polepole kwa ajili ya mashimo huenda sasa kwa kasi, na mpanda baiskeli mwenye gunia husukumwa pembeni, kwenye majani au mtaroni. Tunaishukuru serikali kwa lami ya kutoka Kidatu hadi Ifakara, na kwa daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 na kutuondolea mashaka ya pantoni. Lakini shukrani haituzuii kuuliza kila barabara inapojengwa: mwenye baiskeli amewekewa nafasi gani?

MAJI YALIYOZUIWA

Watu wa bonde hili wanafahamu maana ya bwawa. Kituo cha umeme cha Kidatu, katika Mto Ruaha Mkuu, kilianza kazi mwaka 1975 na kukamilishwa mwaka 1980, chenye uwezo wa megawati 204. Maji ya bwawa hupitishwa katika handaki chini ya mlima hadi kwenye mitambo iliyo ndani ya ardhi. Kwa miaka mingi Kidatu kilikuwa nguzo ya umeme wa taifa. Nyaya zake zilikwenda Morogoro na Dar es Salaam zikawasha viwanda na nyumba, ilhali vijiji vingi vya bonde viliendelea kutumia vibatari. Baadaye kikajengwa Kihansi, megawati 180, kilichoanza kazi kati ya mwaka 1999 na 2000. Na leo maji ya mito yetu yanakwenda mbali zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya Mto Rufiji hutoka katika bonde la Kilombero, nayo hujaza bwawa la Julius Nyerere lililoanza kujazwa mwezi Desemba 2022.

Hatusemi hayo kwa kinyongo. Umeme ni manufaa ya taifa zima, na taifa ni letu pia. Twasema tu kwamba watu waishio karibu na maji hubeba sehemu yao ya mzigo, nayo mara nyingi haihesabiwi. Wao ndio wanaoambiwa wasilime karibu na chanzo cha maji, wasilishe mifugo bondeni wala wasikate mti. Makatazo hayo yana sababu zake, na mengi ni ya haki. Lakini anayeombwa kujinyima kwa ajili ya wote ana haki ya kutosahauliwa siku ya kugawana mema.

Ufuko wa bwawa ni miongoni mwa mema hayo. Hakika zipo sehemu ambazo hazifai kufunguliwa kwa mpita njia: ukuta wenyewe, milango ya maji, mitambo, na maeneo yenye mamba na viboko. Mtu mwenye busara hatadai kupita hapo. Lakini mbali na hapo, ufuko wa maji ya umma unaweza kuwa njia ya umma.

WENGINE WALIVYOFANYA

Tukitazama nje, twaweza kujifunza. Kaskazini ya Uingereza lipo bwawa la Kielder, lililokamilika mwaka 1981 na kuzinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1982. Huko pia mashamba na nyumba vilifunikwa na maji, na watu walihama. Leo bwawa hilo limezungukwa na njia ya kilomita 42 hivi, inayopitwa na watembeao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda farasi, huku maji yakiendelea na kazi yake. Katikati ya nchi hiyo hiyo lipo bwawa la Rutland, lililojengwa miaka ya 1970. Nalo lina njia ya baiskeli ya kulizunguka, na ukingoni mwake limesimama kanisa la zamani la Normanton, ambalo sehemu yake ya chini ilijazwa mawe na zege ili lisibomolewe wala kuzama. Mpita njia anapoliona hukumbuka kwamba chini ya maji yale palikuwa na maisha ya watu.

Hatutoi mifano hiyo ili kusema kwamba Ulaya wana haki kutuzidi. Twaitoa kwa sababu inajibu hoja moja tunayoweza kuletewa, kwamba bwawa na wapita njia haviwezi kukaa pamoja. Vinaweza, mahali palipopangwa vizuri. Tofauti yetu na wao ni kwamba kule njia nyingi za aina hii zilichorwa kwa ajili ya mapumziko, na hapa karibu kila njia imekwisha kuchorwa na miguu ya wenye kazi. Kwa hiyo sisi hatuanzi na karatasi tupu.

Karibu nasi zaidi, katika jiji la Nairobi, upo msitu wa Karura, wenye hekta elfu moja hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulitaka kugawanywa viwanja vya watu wachache. Marehemu Wangari Maathai na wenzake waliupigania, na mwaka 1999 alijeruhiwa pale pale katika mapambano hayo. Msitu ukapona, na leo wananchi hutembea na kuendesha baiskeli ndani yake. Yapo mambo mawili ya kukumbuka hapo. La kwanza ni kwamba njia za leo za burudani zipo kwa sababu watu wa jana walikataa kunyamaza. La pili ni kwamba anayeingia hulipa kiingilio, na mahali penye kiingilio sharti tuulize daima: aliye jirani na hana kitu, yeye apite wapi?

MAMBO MANNE AMBAYO HAKI INAYADAI

Kwanza, njia zilizopo ziandikwe. Kabla mtaalamu hajachora mstari mmoja wa njia mpya, wanakijiji wenyewe watembee pamoja naye katika njia za zamani: ya kwenda shambani, mtoni, zahanati, shuleni, makaburini. Ziwekwe katika ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji itunze daftari la ardhi ya matumizi ya pamoja. Na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huo huo, inatambua haki ya njia kwa umma. Njia iliyoingia katika daftari ina mtetezi hata baada ya wazee wanaoijua kufariki.

Pili, udongo na maji vilindwe. Miteremko ya mashariki ya Udzungwa hupokea mvua nyingi, na njia mbaya katika mteremko wa mvua hugeuka korongo. Mafundi wa njia hizi wana kanuni zao. Njia huambaa na ubavu wa mlima badala ya kushuka wima. Mwinuko wake wa kawaida usizidi mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo. Upande wa bondeni huinamishwa kidogo ili maji yamwagike nje badala ya kukimbia juu ya njia. Penye tope hupangwa mawe. Na masika yakizidi, njia hufungwa mpaka ikauke. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, inazuia shughuli za kudumu zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Sheria hiyo humbana mkulima wa mchicha. Haki itataka imbane vilevile mwenye fedha anayetaka kujenga mgahawa ufukoni.

Kuhusu jambo hili Kihansi imetuachia somo. Mwaka 1996 waligunduliwa huko vyura wadogo sana, wasiopatikana mahali pengine popote duniani, walioishi katika manyunyu ya maporomoko. Mitambo ilipoanza kazi, maji mengi ya maporomoko yakaelekezwa kwenye handaki, na makazi ya vyura yakakauka. Wakawekewa mabomba ya kunyunyiza maji, na wengine wakapelekwa Marekani mwaka 2000 ili wafugwe na kuzaliana. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka katika makazi yao ya asili, na tangu mwaka 2012 wamekuwa wakirudishwa kwa tahadhari kubwa. Kuvu wa namna hiyo huweza kubebwa na tope bichi lililoganda kwenye viatu na vifaa. Tairi pana yenye meno hubeba tope kuliko kiatu. Kwa hiyo mgeni anayeleta baiskeli yake kutoka msitu wa nchi nyingine hana budi kuiosha kabla ya kuingia katika msitu wetu, na yafaa sharti hilo liandikwe wazi tangu mwanzo.

Tatu, faida ikae kijijini. Mpanda baiskeli anahitaji kiongozi wa njia, mahali pa kulala, chakula, na fundi wa kuziba pancha na kunyosha rimu. Vijana wetu wanazijua njia kuliko ramani yoyote, na mafundi baiskeli wa Ifakara wamezoea kuokoa vyombo vilivyokwisha kukatiwa tamaa. Matengenezo ya njia yenyewe, kufyeka, kupanga mawe na kuzibua mifereji, ni kazi ya kila mwaka. Hiyo yote ni ajira. Iwekwe katika mkataba kabla njia haijafunguliwa, pamoja na fungu linaloingia katika mfuko wa kijiji, na hesabu zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Ahadi ya mdomo katika mambo ya ardhi na fedha imekwisha kuwaliza watu wengi.

Nne, wanyonge wasikilizwe kwanza. Hadi katikati ya mwaka 2011 wanawake wa vijiji vilivyo chini ya Udzungwa waliruhusiwa kuingia hifadhini kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ikaondolewa kwa ajili ya kuulinda msitu. Twaelewa sababu ya uhifadhi. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1992, inatunza chemchemi tunazozinywa sote. Lakini tafakarini moyo wa mama ambaye mlango ulifungwa mbele yake akitafuta kuni za kupikia, iwapo kesho mlango ule ule utafunguliwa kwa mtu anayetafuta burudani. Huenda baiskeli isiharibu msitu kuliko mzigo wa kuni. Hata hivyo mama huyo anastahili kuelezwa ana kwa ana, anastahili kuwa na sauti katika uamuzi, na anastahili kuona kwamba jiko lake limefikiriwa: miche ya kuni, majiko banifu, au njia nyingine iliyokubaliwa.

KUHUSU PINGAMIZI

Watakuwapo watakaosema kwamba masharti haya yatamkimbiza mwekezaji. Twawajibu kwa upole kwamba mwekezaji mwema hukimbizwa zaidi na ugomvi kuliko na masharti. Njia inayopita katika shamba la mtu ambaye hakuulizwa itawekewa miiba usiku. Mgeni atapotea, kibao kitang'olewa, polisi wataitwa, na kijiji kitaingia katika uhasama kwa jambo ambalo mkutano wa siku moja ungelimaliza. Bonde letu limekwisha kuonja migogoro ya ardhi ya kutosha, kati ya wakulima na wafugaji, kati ya vijiji na mashamba makubwa, kati ya wananchi na mipaka ya hifadhi. Tusiongeze mwingine kwa sababu ya mchezo.

Wengine watasema kinyume: kwamba yote haya ni anasa ya wageni, na Kanisa lina mambo mazito zaidi ya kutetea. Hao nao tunawaheshimu. Lakini anayedhani njia ni jambo dogo amwulize mama aliyezungushwa kilomita nyingi kwa sababu ujia wa mkato umefungwa, hali akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii, hasa Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, yanatufundisha kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa ajili ya wanadamu wote. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, ibara ya 183, alieleza kwamba tathmini ya athari za mradi isifanywe baada ya mpango kukamilika, na kwamba wenyeji wa mahali wapewe nafasi ya pekee katika majadiliano. Hayo yanahusu migodi na viwanda, na yanahusu vilevile njia nyembamba ya kando ya maji.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Tusingoje mpango uje ndipo tukimbilie mabango. Kazi ya kuandika njia inaweza kuanza katika kiangazi hiki hiki, wakati ardhi imekauka na kila njia yapitika. Kila Jumuiya iwachague watu wanne, wakiwamo wanawake wawili na kijana mmoja, wazipitie njia zinazotumika katika eneo lake na kuziandika: yaanzia wapi, yaishia wapi, nani huitumia na kwa kazi gani, wapi imezibwa na tangu lini. Orodha hiyo ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, nayo isomwe katika mkutano wa hadhara na kuingizwa katika kumbukumbu. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hukutana kila baada ya miezi mitatu. Usipoitishwa, wananchi wana haki ya kuudai. Tufanye kazi hii pamoja na ndugu zetu Waislamu na wa madhehebu mengine, kwa kuwa baiskeli haina dini, na njia ikizibwa hutuzibia sote.

Tena tuanze na nyumba yetu wenyewe. Parokia na taasisi zetu zina viwanja na mashamba. Penye uzio wetu uliokata njia ya jirani, tufungue kilango cha kupitisha baiskeli. Hatuwezi kudai kwa wengine tusilotenda sisi.

Njia hizo zikiisha kuandikwa na kulindwa, mgeni na aje na baiskeli yake ya gia nyingi. Atakutana njiani na mtu mwenye gunia kwenye keria, na kwa adabu ya bonde hili mwepesi humpisha mwenye mzigo. Desturi hiyo ingefaa iwe kanuni ya kwanza katika kibao cha kila njia itakayofunguliwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni njia zipi za baiskeli na za miguu katika eneo letu zimezibwa, na nani ameumia zaidi kwa kuzibwa kwake?

2. Je, zipo njia ambazo wazee tu ndio wanaozikumbuka? Ni nani atakayeziandika, na kabla ya tarehe gani?

3. Kama mradi wa njia za wageni ungeletwa katika kijiji chetu mwezi ujao, ni masharti gani matatu ambayo tusingekubali kuyaacha?

4. Katika barabara ya lami, ni mahali gani ambapo wapanda baiskeli na watoto wa shule wamo hatarini zaidi, na tumwandikie nani kuhusu hilo?

5. Je, Jumuiya yetu, au taasisi ya Kanisa iliyo karibu nasi, imeziba njia ya mtu? Tufanye nini?

Majibu ya kila Jumuiya yaandikwe na katibu wake, kisha yafikishwe kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia.